Mbaya ama mgonjwa? Taharuki ya nafsi katika fasihi ya kando ya ziwa

Hivi majuzi nilialikwa kuzungumza na wanachama wa chama cha Kiswahili katika shule moja ya upili huko Asembo Bay. Kwa wasiopajua, ukitoka Kisumu kwa barabara ya Bondo unafika Ndori, unapinda kushoto, na njia inakuteremsha taratibu hadi ziwani. Mimi napajua. Likizo zangu zote za utotoni nilizimalizia huko, kwa nyanya yangu mzaa mama.

Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia uandishi wa insha. Karatasi zangu nilizikunja baada ya dakika kumi tu, maana msichana mmoja wa kidato cha tatu aliinua mkono akasema: “Mwalimu, mimi husoma zile hadithi za Kiingereza kwa simu ya mamangu. Zile unaogopa lakini hakuna damu. Yule mtu mbaya unampenda kidogo, na yule msichana mzuri naye humwamini sana. Kwa Kiswahili zinaitwaje? Na ziko ama haziko?”

Nikajibu kama ajibuvyo mwalimu aliyeshtukizwa: “Ziko.”

“Wapi?”

Darasa likacheka. Nami ili niokoe heshima yangu nikawasimulia kwa Kiswahili hadithi ya Tekayo, ambayo nitaieleza hapa chini. Nilipomaliza kukawa kimya. Kisha yule yule akauliza: “Sasa huyo mzee ni mbaya ama ni mgonjwa?”

Makala ya leo ni jaribio la kuyajibu maswali hayo matatu. La jina ni jepesi. La kuwapo ama kutokuwapo linahitaji ushahidi. La tatu limeninyima usingizi, na mwishoni mwa makala mtaona sababu.

Jina lake nani?

Tuanze na jina. Kiswahili kina istilahi nyingi za riwaya za kusisimua: riwaya ya upelelezi, riwaya ya ujasusi, riwaya ya uhalifu, na lile kapu kubwa la riwaya pendwa ambamo wahakiki wamezoea kutupa chochote kinachosomwa kwa raha. Lakini aina anayoiulizia msichana huyu si mojawapo ya hizo.

Tofauti yake ni hii. Riwaya ya upelelezi huuliza: nani aliyetenda? Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) anavuta kiko chake na kukusanya vidokezo mpaka jibu lipatikane, kisha msomaji anafunga kitabu na kulala. Riwaya ya ujasusi huuliza: ataponyokaje? Willy Gamba wa Elvis Musiba anafyatua risasi na kukimbia, nasi twakimbia naye. Hii ya tatu huuliza: kwa nini alitenda, na je, mimi ningalitenda vingine? Hatari yake haitoki nje. Iko ndani ya kichwa cha mhusika, na mara nyingi ndani ya nyumba ile ile wanamolala watu wanaopendana. Wenzetu wa ughaibuni wana mifano mingi. Patricia Highsmith alimuumba Tom Ripley mwaka wa 1955, muuaji ambaye msomaji hujikuta akimwombea asikamatwe. Gillian Flynn naye mwaka wa 2012 akamuumba Amy, mke aliyetoweka ambaye tunamhurumia hadi tunapogundua kwamba huruma yetu yenyewe ameipangia hesabu.

Wataalamu wetu huita aina hii riwaya ya kusisimua ya kisaikolojia. Ni sawa, ila ni jina refu, na “kusisimua” ni kitenzi ambacho mpira na muziki pia hukitumia. Mimi napendelea taharuki ya nafsi, na nitawaeleza sababu.

Taharuki ni neno lililotoka Kiarabuni, kwenye mzizi ule ule uliotupa harakati. Kwa asili ni kutikisika, kutotulia. Mtu aliyetaharuki si lazima awe anafukuzwa na mtu. Huenda ameketi tu kitini, lakini ndani yake kitu kinatembea. Nafsi nayo ni neno tajiri. Ndiyo roho ya mtu, ndiyo dhati yake, na ndilo neno la sarufi tulilofunzwa shuleni: nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo ndipo penye utamu. Fasihi ya aina hii huchezea nafsi kwa maana zote mbili. Inamchukua “yule” tuliyekuwa tukimhukumu kwa mbali, inamfanya “wewe” anayetutazama machoni, na kabla hujatahamaki amekuwa “mimi”.

Maneno yenye nyuso mbili

Je, Kiswahili kina msamiati wa kumtaja mtu mbaya ambaye si mbaya kabisa? Kwa haraka haraka utasema hakina. Katili, habithi, dhalimu, fisadi, jahili: haya ni maneno ya mhuri. Ukishampiga mtu nayo, kesi imekwisha. Upande wa pili tuna shujaa, jagina na nguli, nayo pia ni mihuri. Angalau hapa lugha yetu imemtendea mwanamke haki, kwa kuwa ngeli ya A-WA haibagui jinsia. Shujaa ni shujaa, hahitaji kuongezewa kiambishi ili awe wa kike.

Lakini tazama neno ayari. Leo kamusi zitakuambia ni laghai, mjanja, tapeli. Neno hili limetufikia kutoka Kiarabu na Kiajemi, na huko zamani ayari hakuwa tapeli tu. Katika miji ya Iraki na Uajemi ya karne za kati waliitwa hivyo wanaume wa magenge yaliyonyang'anya matajiri, na hao hao wakasifiwa katika masimulizi kwa ukarimu, kutunza ahadi na kulinda wanyonge. Mwizi na muungwana walikaa katika neno moja. Lilipovuka bahari kuja kwetu, uso mmoja ukabaki huko.

Tena chukua hasidi. Tunalitumia kwa maana ya adui, lakini mzizi wake ni husuda. Hasidi ni adui anayekutamani. Anataka kuwa wewe, na kwa kuwa hawezi, anataka wewe usiwe. Neno hili peke yake ni riwaya nzima.

Tukirudi Asembo, Kijaluo kina somo zuri zaidi. Mimi nilikua nikisikia watu wabaya wakitajwa kwa majina tofauti tofauti. Kuna jajuok, anayekimbia usiku na kuwasumbua watu milangoni. Kuna janawi, anayedhuru kwa dawa. Kuna jasihoho, mwenye jicho baya, ambaye huenda hata hakusudii kudhuru. Kiswahili cha kila siku huwafunga wote hawa katika furushi moja la “mchawi”. Na yule mganga anayekutibu anaitwa ajuoga. Sikiliza vizuri: jajuok, ajuoga. Mzizi ni mmoja. Anayeponya na anayetisha wamechota nguvu zao kwenye kisima kimoja, na lugha inakukumbusha jambo hilo kila unapofungua kinywa.

Mzee na ini

Sasa kwenye swali la pili: ziko wapi? Jibu la kwanza liko Asembo penyewe. Grace Ogot alizaliwa Asembo mwaka wa 1930. Alisomea uuguzi Uganda na Uingereza, akafanya kazi ya utangazaji, baadaye akawa mbunge na waziri msaidizi. Aliaga dunia mwaka wa 2015. Wengi wanamjua kwa hadithi ya Oganda na mvua, kwa sababu walilazimika kuisoma shuleni. Wachache wamesoma “Tekayo”, iliyo katika mkusanyiko wake wa 1968, Land Without Thunder.

Tekayo ni mzee mwenye mifugo, watoto na wajukuu. Siku moja akiwa malishoni anamwona tai akiruka na kipande cha nyama. Anamnyang'anya. Ni ini. Analichoma na kulila, na utamu wake haujawahi kufika ulimini mwake maisha yake yote. Anataka tena. Anawinda mnyama mmoja baada ya mwingine, anatoa ini, anaonja: silo. Mwingine: silo. Mwisho anabaki kiumbe mmoja ambaye bado hajaonjwa. Na nani aliyeachiwa kuwatunza wajukuu wakati watu wazima wamekwenda shambani?

Ogot hafichi chochote. Hapana fumbo la kutegua. Msomaji anajua mapema, kijiji hakijui. Wahakiki wangeita mbinu hiyo kinaya: sisi tunajua asichojua mhusika. Watoto wanapotea, watu wanatafuta, wanalia, na mzee yuko nao katika kutafuta na kulia. Kila mama anapomwachia mwanawe tunataka kupiga kelele. Hiyo ndiyo taharuki. Haitokani na giza wala mlio wa kisu. Inatokana na imani ya wanakijiji kwamba hapana mahali salama pa mtoto kuliko kwa babu yake.

Hatimaye anaviziwa na kunaswa. Kabla jamii haijamwadhibu, anajinyonga. Na Ogot hatuambii tufikirie nini. Hakuweka mstari wa mwisho wa mafunzo. Alikuwa muuguzi kabla ya kuwa mwandishi, na mimi huwaza kwamba alipokuwa wodini aliona watu waliotawaliwa na kiu wasiyoichagua. Mlevi, mcheza kamari, mtumiaji wa dawa za kulevya: wote wanalijua lile ini la kwanza ambalo hakuna jingine lililowahi kulifikia. Lakini hata anayesema “ni ugonjwa” anakumbuka kwamba Tekayo alijificha. Aliyejificha alijua.

Waliovunja agizo

Upande wa shujaa wa kike, ziwa hili lina utajiri usiopungua. Katika ile hadithi ya mvua, Labong'o ni chifu na ni baba. Ukame umeua, na mganga amesema Oganda atolewe kafara kwa jitu la ziwani. Nani mwovu hapa? Mganga anatimiza kazi yake. Kijiji kinataka kunywa maji. Baba anampenda binti yake na anamtoa. Watu wanaomsindikiza Oganda kwa nyimbo ndio waliomlea. Hapana hata mmoja wa kumchukia kwa amani. Kisha Osinda, mpenzi wake, anamwokoa, wanatoroka, na mvua inanyesha. Kwa hiyo agizo lilikuwa la uongo? Ama mizimu iliridhika na nia tu? Oganda ni shujaa aliyepona, lakini alipogeuka kukimbia hakujua kama anawaua watu wake wote. Alikimbia hivyo hivyo.

Katika riwaya ya Ogot ya 1966, The Promised Land, hasidi anatokea kwa maana yake kamili. Ochola anahama Nyanza na mkewe Nyapol kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Anafanikiwa. Jirani yake, mganga mwenye husuda, anaudhulumu mwili wake hadi ngozi inaota miiba. Lakini msomaji makini ataona kwamba miiba mingine ilianza kuota mapema zaidi, katika tamaa ya Ochola mwenyewe asiyetaka kusikia maneno ya mkewe. Nyapol hana upanga wala hirizi. Ushujaa wake ni kuona, kusema, kutosikilizwa, na kubaki.

Hata katika simulizi za kale za Wajaluo jambo hili lipo. Lwanda Magere, mpiganaji wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, aliangushwa na mke aliyetoka kwa maadui zake, Wanandi. Aligundua kwamba nguvu za mumewe zimo kivulini, akapeleka siri kwa watu wake. Ukisimuliwa Kano, mwanamke huyu ni msaliti. Jaribu kuisimulia hadithi hiyo hiyo ukiwa umeketi upande wa milima ya Nandi: msichana anatolewa kwao, anaozwa kwa mtu anayewamaliza kaka zake, analala kando yake kila usiku, anamuuguza akiwa mgonjwa, na anapata siri. Je, alilia alipotoroka? Hapo ndipo riwaya ilipo, na bado inasubiri kuandikwa kwa Kiswahili. Waswahili wa pwani wana ndugu yake: mwana wa Fumo Liyongo, aliyemchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba kwa sababu ya ahadi za wakubwa.

Ng'ambo ya ziwa

“Lakini mwalimu, huyo aliandika Kiingereza,” watasema. Haya, tuvuke maji. Ziwa lile lile linaloonekana Asembo ndilo linalozunguka kisiwa cha Ukerewe, Tanzania, alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka wa 1944. Rosa Mistika (1971) iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa madai ya kupotosha maadili, na wengi bado wanaijua kwa sifa hiyo tu. Isome tena kama taharuki ya nafsi. Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake kwa barua ya mvulana. Anafanya hivyo kumlinda. Ulinzi huo unamlea Rosa asiyejua kujilinda, na anapotoka nje ya uzio anaangamia. Mwishoni baba na binti wanafika mbele ya hukumu ya Mungu, kila mmoja na lawama zake, na msomaji aliyetarajia hakimu amtulize anabaki na kesi mikononi.

Kichwamaji (1974) inakaza kamba zaidi. Msimulizi ni Kazimoto, kwa nafsi ya kwanza. Dada yake ameharibiwa maisha na Manase. Kazimoto anaamua kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase. Kisha anamwoa. Tumo ndani ya kichwa cha mtu mwenye akili, msomi, mcheshi wakati mwingine, anayejieleza vizuri mno. Na kila anavyojieleza ndivyo tunavyoanza kumwogopa, maana hoja zake zinaingia akilini. Mwisho wake ni kujiua.

Visiwani Zanzibar, Mohammed Suleiman Mohammed aliandika Kiu (1972), ambamo Idi anamtumia Bahati, msichana anayempenda, kama chambo cha kunasia mali ya mzee Mwinyi. Said Ahmed Mohamed akatupa Utengano (1980). Kila mwanafunzi aliyewahi kuisoma atakuambia mbaya ni Maksuudi. Ni kweli. Lakini Bi Farashuu je? Binti yake alidhulumiwa na Maksuudi. Naye anakuja kulipiza, na silaha anayoiokota ni Maimuna, msichana asiye na kosa aliyefungiwa ndani tangu utotoni. Anamfungulia mlango. Ukombozi na maangamizi vinatoka kwa mkono mmoja. Ukimwita Bi Farashuu katili utakuwa umesema kweli. Ukimwita mama mwenye uchungu pia utakuwa umesema kweli.

Kwa hiyo ziko. Hazikuwekwa tu kwenye rafu yenye jina hilo.

Taa za omena

Sasa niseme kwa nini swali la tatu lilininyima usingizi.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, karibu na boma la nyanya yangu palikaa mjane mmoja aliyeuza omena. Alikuwa mkali. Mtoto akipita shambani mwake alitupiwa matusi. Deni lake hakulisamehe hata kwa aliyefiwa. Mbwa wa jirani aliyekula samaki wake alikufa siku ya pili, na hakuna aliyeuliza sana. Na usiku, hasa usiku wa giza, alionekana akitembea peke yake kuelekea ufuoni. Basi jina likamshika: jajuok.

Sisi wavulana tulirusha mawe juu ya bati lake. Nasema sisi, lakini jiwe mtu hulirusha kwa mkono wake. Mimi nilirusha. Nilikuwa na shabaha nzuri, na nilisifiwa. Likizo iliyofuata nilipokuja nyumba haikuwapo. Ilichomwa. Mwanamke alikuwa amerudi kwao, na huko akafa. Hakuna aliyeshtakiwa. Watu wazima walisema kwa sauti ya chini kwamba angalau sasa kuna amani.

Ni nyanya yangu aliyeniambia, miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafundisha. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Ukisimama ufuoni unaziona zimetapakaa majini kama mji. Mwana wa yule mjane alikuwa mvuvi wa omena. Usiku mmoja alitoka na hakurudi, na mwili haukupatikana. Mamake alikuwa akishuka ufuoni kuhesabu taa zinazotoka na kuhesabu zinazorudi. “Kwani hamkujua?” nilimuuliza nyanya. Akanijibu: “Tulijua, mjukuu wangu. Lakini na yule mbwa je?”

Jibu hilo ndilo limebaki nami. Nyanya hakutaka niondoke na hadithi ya malaika aliyesingiziwa. Yule mama hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye kinyongo, na huenda kweli alimwekea mbwa sumu. Pia alikuwa akihesabu taa. Kijiji kilikuwa na neno moja tu la kumwekea, na neno lile lilitosha kuwasha kiberiti. Hadi leo tunasoma magazetini habari za wazee wa Kisii na Kilifi waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Kabla ya moto kuna jina.

Sifa moja, alama moja

Nikiwa mwalimu nimetahini Karatasi ya Tatu mara kadhaa. Swali ni lile lile: “Eleza sifa za mhusika fulani.” Majibu nayo ni yale yale: ni katili, ni mwenye tamaa, ni mwenye bidii. Sifa moja, mfano mmoja, alama moja. Tunawafunza watoto istilahi mhusika bapa na mhusika duara, halafu tunawatahini kwa njia inayomkanyaga mhusika duara mpaka awe bapa kama chapati. Sisemi sifa zisiulizwe. Nasema tuongeze swali la pili: taja jambo moja ambalo mhusika huyu angelisema kujitetea, na ueleze kama lina uzito. Mwanafunzi atakayeweza kuandika utetezi wa Maksuudi bila kumsamehe amejifunza fasihi. Nadhani amejifunza na jambo la kumfaa barazani kwa chifu.

Kwa wanaotaka kuandika, mawaidha yangu ni machache. Kwanza, usimfiche mbaya wako. Mweke mezani, ale na wengine. Taharuki kubwa ni ya msomaji anayejua. Pili, mpe haja ambayo kila mtu anayo: kupendwa, kushiba, kuheshimiwa, kutosahauliwa. Kisha mwache aifuate hatua moja kupita pale ambapo wewe ungesimama. Hatua moja tu, si kumi. Tatu, shujaa wako wa kike asiwe safi kama shuka la hospitali. Mpe kosa ambalo yeye mwenyewe analijua. Nne, jihadhari na ukurasa wa mwisho. Mila yetu ya ngano inapenda funzo, nami naipenda, lakini wasimulizi wa Asembo walifunga ngano kwa kusema “thu tinda”, wakawaacha watoto walale nayo.

Nirudi darasani. Yule msichana alikuwa bado amesimama akingoja jibu: mbaya ama mgonjwa? Nilimwambia sijui. Darasa likaguna, maana mwalimu hatakiwi kusema hivyo. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, “Mgonjwa.” Mwingine akasema, “Ati mgonjwa? Na wale watoto?” Wakaanza kubishana, na kengele ya chakula ilipolia hakuna aliyetoka mbio, jambo ambalo mwalimu wao aliniambia halijawahi kutokea siku ya maharagwe.

Msichana alinifuata hadi langoni. Akasema anataka kuandika hadithi juu ya mama anayeuza samaki ufuoni, ambaye kila mtu anamwogopa. Sikuwa nimemsimulia habari za yule mjane. Nilimuuliza, “Mama huyo amefanya nini?” Akafikiri kidogo. “Bado sijaamua,” akasema. “Lakini nataka awe amefanya kitu kweli.”

Nimeahidi kumpelekea nakala za Kichwamaji na Utengano. Walimu wa fasihi mnaosoma safu hii, kama mna wanafunzi wanaosoma kwa simu za mama zao, waulizeni wanasoma nini. Tukutane juma lijalo.